Magonjwa ya wanyama: wafundishe njia kabla ya majina

SWALI: Daktari, nafundisha sayansi darasa la nne. Wanafunzi wangu wamekariri majina ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa binadamu, lakini sasa wanapiga mbwa mawe wakisema wana virusi. Niwafundisheje bila kuwajaza woga?

JIBU: Mwalimu, majina yaweke kando kwanza. Mtoto wa miaka 10 anachohitaji ni kujua kijidudu kinatokea wapi, kinapita wapi, na sisi tunakikatia njia wapi. Akishajua kwamba hatari iko kwenye mate, kinyesi, damu au maziwa mabichi, hana sababu ya kumrushia mnyama mawe.

Mimi ni daktari wa mifugo, na nikialikwa darasani huanza na chaki. Saga chaki ya rangi, ichanganye na mafuta kidogo ya kupikia, upake mpira. Huo mpira ndio mbuzi. Wape watoto wawili watatu wamshike "mbuzi", halafu endelea na shughuli za kawaida: wapeane kalamu, wafunue madaftari, wasalimiane. Baada ya muda wasimamishe wakaguane. Rangi utaikuta hata puani kwa mtoto ambaye mpira hakuugusa kabisa. Darasa zima litapiga kelele, waache. Kisha wanawe kwa maji matupu, waone rangi inavyong'ang'ania kwenye mikunjo ya vidole, ndipo uwape sabuni.

Mengine yataje kwa ufupi: maziwa huchemshwa, mimba iliyotupwa na mnyama haishikwi kwa mikono mitupu, na mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla hauchunwi, maana huenda ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu.

Kichaa cha mbwa kipe kipindi chake. Virusi huingia na mate kwenye jeraha, hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Ila safari hiyo mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi, kwa hiyo chanjo ikitolewa mapema huwahi. Wasimulie habari za Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa mwaka 1885, akapelekwa Paris kwa Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, akachanjwa na kuishi. Watasikiliza, ni rika lao.

Kinachoniumiza ni mtoto anayeficha jeraha akiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa. Toa ahadi mbele ya darasa kwamba anayesema ameng'atwa hagombezwi, na uzungumze na wazazi ili ahadi hiyo iheshimiwe na nyumbani. Halafu wafanye mazoezi: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kumwambia mtu mzima, kwenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mchubuko tu. Hizo dakika 15 wapimie kwa saa, mikono ikiwa imenyooshwa kama iko chini ya bomba. Wengi watadhani zimeisha kabla hata ya dakika ya tano.