Penseli tatu za rangi na unabii wa siku za mwisho: kwa wanaoanza kuongoza vikundi vya Biblia

Ukikabidhiwa kikundi cha kujifunza Biblia, wiki hazitapita nyingi kabla mtu hajaomba mfundishwe habari za siku za mwisho. Wanaoanza hukimbilia mnyama wa Ufunuo 13 na ile 666, kwa kuwa ndiko kwenye msisimko. Kikao cha kwanza kinajaa. Cha pili watu wanarudi nyumbani na hofu, na cha tatu viti vinaanza kubaki wazi. Hukumu imo katika Maandiko na lazima isomwe, lakini isomwe pamoja na mistari inayoizunguka. Humo ndimo rehema ilimo, mara nyingi katika sura ileile, na wengi huipita wakiwa mbioni.

Andaa Biblia mbili: Union Version, na moja ya lugha nyepesi kama Habari Njema ya kulinganishia. Ongeza penseli tatu za rangi. Usitumie kalamu ya wino, karatasi ya Biblia ni nyembamba na wino hupenya hadi ukurasa wa nyuma. Nyekundu ni ya adhabu. Buluu ni ya kipimo: sehemu, idadi, muda, mpaka wowote ambao adhabu imewekewa. Kijani ni ya mlango: rudini, tubuni, tafuteni, tokeni, njoo, pamoja na maneno madogo kama "huenda", "hata sasa" na "ili". Soma sura nzima kwa sauti kwanza bila kuandika kitu, kisha rudi na nyekundu, halafu buluu, halafu kijani. Ukianza na kijani utaokota mistari mitamu tu, na mahubiri ya namna hiyo tayari yamejaa mitandaoni.

Tahadhari moja kuhusu maneno. Usiitafute "rehema" peke yake. Neno la Kiebrania hesed, Union Version imelitafsiri "rehema" katika Kutoka 34:6 ("si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli"), ila katika Zaburi 136 neno hilohilo limekuwa "fadhili", mara 26, kila mstari. Anayetafuta kwa neno moja kwenye programu ya simu anakosa nusu ya mali. Tafuta pia huruma, fadhili, neema, kuvumilia na kughairi.

Anza na Yoeli 2, kwa sababu ni fupi na alama zake ziko wazi. Jeshi la nzige linakuja na nchi nyuma yao inabaki ukiwa. Waliokuwa Samburu au Marsabit mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa maana yake. Mstari wa 11 unaishia na swali: siku ya Bwana ni kuu, yenye kitisho sana, "naye ni nani awezaye kuistahimili?" Wengi hufunga Biblia hapo na kuita watu mbele. Nenda mstari mmoja tu zaidi: "Lakini hata sasa, asema BWANA, nirudieni mimi." Weka kijani kizito kwenye "hata sasa", maana jeshi limeshafika na mlango bado haujafungwa. Mstari wa 13 unachukua maneno ya Kutoka 34:6 karibu yalivyo na kuongeza kwamba Mungu "hughairi mabaya". Halafu linganisha mstari wa 1 na wa 15. Yote miwili inasema "Pigeni tarumbeta katika Sayuni." Tarumbeta ya kwanza ni ya hatari, ya pili ni ya kukusanya watu watubu, na hata wanaonyonya wanaletwa.

Usiishie kwenye kufunga kwa mstari wa 12. Endelea hadi wa 25 na 26: Mungu anaahidi kuirudisha miaka iliyoliwa na nzige, na watu watakula chakula tele na kushiba. Toba ya Yoeli inaanza na kufunga, inaishia mezani. Hili lisisitize hasa pwani ya Kenya, ambako mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hakuna nabii wa Biblia aliyetoa agizo kama hilo.

Ukishazoea, ingia Ufunuo, na hapa penseli ya buluu ndiyo itakayofanya kazi. Muhuri wa nne (6:8) unagusa robo ya nchi. Tarumbeta za sura ya 8 zinapiga theluthi: theluthi ya miti, ya bahari, ya mito, ya jua. Nzige wa 9:5 wamepewa miezi mitano na wamekatazwa kuua. Vitasa (mabakuli ya ghadhabu) vya sura ya 16 ndivyo visivyo na sehemu. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini Mungu apime theluthi badala ya kumaliza kazi mara moja. Jibu liko 9:20-21: waliosalia "hawakuzitubia" kazi za mikono yao. Yohana asingelitaja hilo kama toba haikuwa ndiyo iliyokuwa ikingojwa. Kwa kanisa la Thiatira imesemwa waziwazi, kuhusu mwanamke Yezebeli: "Nami nimempa muda ili atubu" (2:21).

Tazama pia mahali mfululizo unapokatika. Muhuri wa sita unaishia na swali linalofanana sana na la Yoeli, "naye ni nani awezaye kusimama?" (6:17). Muhuri wa saba haufuati papo hapo. Malaika wanazizuia pepo nne hadi watumishi wa Mungu watiwe muhuri, kisha unaonekana mkutano mkubwa usiohesabika, na angalia wako katika hali gani: wamesimama (7:9). Swali limejibiwa. Kati ya tarumbeta ya sita na ya saba pana nafasi nyingine, sura ya 10 na 11, na ndani yake 11:13, ambapo baada ya tetemeko waliosalia wanamtukuza Mungu wa mbingu. Katika vitasa nafasi imebana kuliko zote, ni mstari mmoja, 16:15: "Tazama, naja kama mwivi. Heri akeshaye." Mwivi gani huyu anayetangaza kwamba anakuja?

Kosa la kwanza utakalolikuta ni kuweka tarehe. Nchini Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller waliihesabu Danieli 8:14 hadi wakafika 22 Oktoba 1844, siku ikapita, na wengi wakavunjika moyo. Mathayo 24:36 unatosha kukataza, lakini iko sababu ya ndani zaidi. 2 Petro 3:9 unasema Bwana hakawii, bali huvumilia, "maana hapendi mtu yeyote apotee". Kuchelewa kwenyewe ndiyo rehema. Anayeuweka mwisho kwenye kalenda anauondoa muda ambao Mungu ameuacha wazi kwa makusudi.

Kosa la pili ni kinyume chake: kulainisha kila kitu hadi hukumu iwe hadithi. Wapo katika kikundi chako walionyang'anywa shamba, au waliompoteza ndugu na kesi ikaishia kituoni. Kwao rehema isiyo na hukumu ni tusi. Roho zilizo chini ya madhabahu (Ufunuo 6:10) zinalia "Hata lini?", na hazikemewi, zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zistarehe kitambo. Hukumu juu ya mdhalimu ni rehema kwa aliyedhulumiwa. Soma Yona na Nahumu kwa mfuatano. Ninawi ilipewa siku arobaini, ikatubu, ikaachwa, na Mungu akawahesabu watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Kizazi kingine kikarudia ukatili, na mji ukaanguka mwaka 612 kabla ya Kristo. Kanuni inayoviunganisha vitabu hivyo iko Yeremia 18:7-10, nayo inafanya kazi pande zote mbili: taifa likiacha uovu Mungu hughairi adhabu, likitenda uovu hughairi mema.

Kikao cha dakika 60 kigawe hivi: 15 za kusoma sura kwa sauti, watu wakipokezana, 20 za penseli, wawili wawili, 20 za kuzungumza, 5 za maombi. Sura moja kwa wiki inatosha. Atatokea mtu na klipu ya WhatsApp kuhusu chipu au vita fulani. Usimzomee wala usimjibu kwa klipu nyingine. Muulize, "Iko mstari wa ngapi?" na kikundi kirudi kwenye sura. Swali zito zaidi huja kwa sauti ya chini, baada ya watu kutawanyika: ndugu yake alikufa bila kutubu, je? Hapo usitoe hukumu upande wowote, maana hukupewa kitabu cha uzima kukifungua. Msomee Ezekieli 33:11, kwamba Mungu hafurahii kufa kwake mwovu, kisha keti naye.

Kama kuna watoto chumbani, kikao kisiishie kwenye nyekundu hata kama saa imekwisha. Ruka maswali, mwachie mmoja wao asome Ufunuo 22:17 kwa sauti, mpaka neno "bure", ndipo mfunge.