Vitu vizito vikae wapi kwenye begi la mgongoni

Umeniuliza kama vitu vizito vikae chini kabisa ya begi, kwenye safari yenu ya watu wanne ya kutembea kwa miguu na kulala hemani. Hapana, havikai huko. Viweke katikati ya begi, upande unaogusa mgongo wako: chakula, sufuria, maji. Chini weka mfuko wa kulalia na nguo za usiku, maana hutazihitaji mpaka mpige hema. Koti la mvua likae juu kabisa, kwani mvua haikungoji ufukue.

Uzito ukiwa mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma na unatembea umeinama kutwa nzima. Safari yangu ya kwanza nilipanga kinyume, makopo yote chini. Kabla ya saa sita mchana mikanda ilikuwa imenichubua mabega yote mawili. Siku hizi nafunga kwanza mkanda wa kiunoni, ukae juu ya mifupa ya nyonga, ndipo nakaza ya mabegani. Nyonga ndizo zibebe sehemu kubwa ya mzigo.

Ila kama njia ni ya mawe na miteremko mikali, shusha vizito kidogo, hutayumba sana.

Na kwa kuwa mko wanne, msibebe kila mtu jiko lake, tafadhali! Moja linatosha. Hema pia ligawanywe, huyu turubai, yule nguzo na vigingi. Kisha kila mtu apime begi lake likiwa na maji ndani (lita 1 ni kilo 1). Likizidi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake, apunguze.