Besi mkubwa hukatikia kwenye fundo

Juzi ujumbe umeingia kutoka kwa msomaji wa Nakuru. Miaka mitatu anavua besi Ziwa Naivasha, rekodi yake imegoma kwenye kilo 1.6, na swali lake ni moja: anunue chambo gani? Chambo! Kila anayeandika anauliza chambo. Hakuna anayeuliza kuhusu fundo, breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) au mizani, na huko ndiko rekodi za watu zinakoishia.

Kabla hujafikiria spika za matatu, besi ninayemzungumzia ni yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana na mstari mweusi ubavuni, aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Wewe unayesoma hapa unamjua, na najua unamtaka mkubwa kuliko uliyewahi kumshika. Basi tuanze na jambo ambalo wengi hawalipendi. Dume wa besi ni nadra kuvuka kilo 2. Rekodi yako ijayo ni jike, tena jike mwenye umri. Wale wanaorukia kila kitu karibu na ufuko, wa nusu kilo hadi kilo moja, wengi ni vijana, na wengine ni madume yanayolinda viota. Ukirudi nyumbani na kumi wa namna hiyo umefurahi, sawa, lakini hukuwa unawinda rekodi. Ulikuwa unavua mboga.

Jike mkubwa hapotezi nguvu. Hujibanza kwenye kivuli au ukingoni pale kina kinapobadilika ghafla, akingoja mlo mmoja wa maana. Naivasha mlo huo mara nyingi ni kamba wekundu wa maji baridi, walioletwa mwaka 1970, au tilapia mdogo. Kwa hiyo tafuta mahali penye mambo matatu kwa pamoja: kificho, kina cha karibu cha kukimbilia, na maji maangavu. Besi huwinda kwa macho, na mvua kubwa ikishusha tope la Mto Malewa upande wa kaskazini, huko hakuna haja ya kwenda. Sogea upande ambao chambo chako bado unakiona kikiwa mita moja chini.

Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni lilimeza migunga mingi ya ufukweni. Miti ile iliyokufa imesimama majini, na kwa besi ni nyumba kamili. Ila pamoja na miti zilizama pia nyua za mashamba, nguzo na seng'enge zake zote. Mshipi ukigusa seng'enge chini ya maji hutajua mpaka samaki wa maisha yako aondoke na ndoana. Ukihisi mkwaruzo wa chuma, vuta mshipi wote nje, pitisha mita mbili za mwisho katikati ya kucha na kidole, na ukisikia hata kijiparuzo kidogo, kata. Usiseme "bado unashika". Wa kilo moja utamshika. Wa kilo 3 hapana.

Haya, chambo, maana najua hamtaniacha. Mnyoo wa plastiki wa sentimita 18 hadi 25, rangi ya kahawia iliyokoza au nyekundu ya damu ya mzee. Mrefu hivyo? Ndiyo. Mdogo atasita kuumeza, na kusita kwake ndiko unakotaka. Ndoana namba 4/0 yenye tumbo pana. Chubwi ya risasi yenye umbo la koni, gramu 7 kwenye maji tulivu, gramu 10 hadi 14 upepo ukiamka. Chubwi hutangulia kwenye mshipi, ncha yake nyembamba ikielekea kwenye fimbo, ndipo ndoana hufungwa.

Kuvisha mnyoo kuna namna yake, na hapa ndipo wengi huharibu. Ingiza ncha ya ndoana katikati kabisa ya kichwa cha mnyoo, ishuke kama sentimita moja, kisha itoe kwa pembeni. Vuta ndoana mpaka tundu lake lifichwe na kichwa. Igeuze nusu duara ili ncha iutazame mwili. Sasa laza ndoana kandokando ya mnyoo uone ncha itafika wapi, weka alama kwa ukucha, na ichome hapo hapo, ncha ibaki chini ya ngozi tu. Mnyoo ukining'inia lazima uwe umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ukiwa na kigongo, utazunguka majini, mshipi utajisokota, na jike mwenye umri hali kitu kinachozunguka kama feni.

Rusha ng'ambo ya mti, si juu yake. Acha chambo kifike chini. Hesabu hadi kumi. Inua ncha ya fimbo sentimita 30, shusha, kusanya mshipi uliolegea, hesabu tena. Mrusho mmoja unaweza kula dakika mbili au tatu. Watu wanachoka, wanaanza kukimbiza chambo, halafu wanasema ziwa limekwisha samaki. Ziwa halijakwisha, subira ndiyo imekwisha.

Sasa fundo. Nitalikalia hapa kwa sababu rekodi nyingi zimelala hapa. Karibu na miti tumia mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 14 hadi 20. Kwenye maji meupe yaliyo wazi, mshipi wa florokaboni, uzi wa plastiki usioonekana sana majini, wa milimita 0.33 hivi, unaobeba takriban kilo 7. Kwa yote miwili fundo la Palomar linatosha, na ni rahisi kiasi kwamba sioni udhuru wa kulikosea. Kunja mshipi uwe mara mbili, kama sentimita 15. Pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana. Funga fundo la kawaida, legelege, ndoana ikining'inia katikati. Chukua kitanzi, kivushe juu ya ndoana nzima mpaka kivuke tundu. Hapo simama uangalie: nyuzi mbili zimelala sambamba au mmoja umepanda juu ya mwenzake? Ukiwa umepanda, fungua. Uzi wa juu utaukata wa chini siku ya mzigo. Kisha lowesha fundo kwa mate. Florokaboni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale, ingawa kwa macho fundo linang'aa vizuri tu. Vuta ncha zote mbili polepole, kata mkia ukiacha milimita 4, halafu shika ndoana kwa koleo, zungusha mshipi kwenye kitambaa mkononi, uvute kwa nguvu. Likikatika, shukuru limekatikia mkononi mwako. Funga upya kila baada ya samaki mzuri, na kila baada ya kunasa kwenye mti.

Breki ya rili haipimwi kwa kidole, inapimwa kwa mizani. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, vuta moja kwa moja kutoka kwenye rili, na rekebisha mpaka ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa florokaboni ya kilo 7 hiyo ni takriban kilo 1.8 hadi 2.3. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya kushuka majini, si wakati samaki anakimbia. Ndoana nayo ijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, inoe au itupe, ikikwama ni kali.

Mguso wa jike mkubwa mara nyingi ni mdogo kuliko wa mtoto. Unasikia "tik" moja, au mshipi unaanza kwenda kando bila sababu. Kusanya ulegevu haraka, kisha inua fimbo mara moja kwa nguvu, maana ndoana inapaswa kutoboa plastiki kwanza ndipo itoboe mdomo. Lakini kwa chambo chenye ndoana za makucha matatu usifanye hivyo. Egemea tu na uendelee kuzungusha rili, la sivyo unaichomoa. Akianza kupanda juu, chovya ncha ya fimbo majini. Besi akiruka hutikisa kichwa, na chubwi au chambo kizito hugeuka nyundo inayoing'oa ndoana.

Mita mbili za mwisho ndizo zenye kilio. Samaki ameonekana, mvuvi amechanganyikiwa, mwenzake anamfukuza samaki kwa wavu kama anafukuza kuku. Wavu uzame majini kwanza, utulie, na samaki aongozwe aingie kwa kichwa. Besi anayekimbia huenda mbele, si kinyumenyume. Asiinuliwe kwa fimbo hata siku moja. Mshipi unaoshika kilo 7 majini hauna uhakika na kilo 3 zinazotapatapa hewani.

Ameingia. Sasa nithibitishie uzito wake. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu picha za mikono iliyonyooshwa mbele ya kamera zimetuchosha. Samaki anaonekana papa, mvuvi anaonekana mtoto wa chekechea. Mizani yako ya mkononi ijaribu nyumbani kwa pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Ikisoma 2.2, basi hata ile 1.6 yako si 1.6, na ni bora ujue mapema. Mpime samaki ndani ya mfuko wa wavu uliolowa, mizani ikiwa imerudishwa sifuri na mfuko tayari ukining'inia. Usimtundike kwa taya. Uzito wote ukining'inia hapo, taya ya samaki mzito inaweza kuumia.

Mizani ikikufa, tumia tepu laini ya fundi cherehani. Urefu kwa sentimita, mdomo ukiwa umefungwa na mkia umebanwa. Kisha mzunguko wa mwili sehemu nene kabisa. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 29,000. Samaki wa sentimita 56 na mzunguko wa 41 anakupa takriban kilo 3.25. Ni makadirio, yaandike kama makadirio.

Unadhani gramu chache hazina maana? Juni 2, 1932, George Perry alivua besi wa takriban kilo 10.09 huko Georgia, Marekani. Miaka 77 baadaye, Julai 2, 2009, Manabu Kurita akavua wa kilo 10.12 Ziwa Biwa, Japani. Amemzidi, lakini kanuni za IGFA, shirika linalotunza rekodi hizi, zinadai tofauti ya takriban gramu 57 kwa samaki wa uzito huo. Hivyo wanagawana rekodi mpaka leo. Na mwaka 2006, kwenye Ziwa Dixon huko California, wavuvi walipima besi wa zaidi ya kilo 11. Ndoana ilikuwa imemnasa mwilini, si mdomoni, wakamwachia, na hawakupeleka dai. Wewe nawe: aliyenaswa mgongoni si rekodi. Usinibishie.

Kumrudisha au kumla? Naivasha besi ni mgeni, na wapo wanaoishi kwa kumvua. Ziwa Biwa, mkoa wa Shiga umepiga marufuku kumrudisha majini. Mimi nasema wa gramu 600 apelekwe jikoni, ni mtamu. Jike wa kilo 3 arudi, akiwa amekaa hewani si zaidi ya sekunde 30, mikono yako ikiwa imelowa. Usichopaswa kufanya kabisa ni kumbeba akiwa hai kwenye ndoo ukamtie bwawa la kwenu. Atawamaliza samaki wadogo wa asili, na kumtoa tena hutaweza.

Kuna jambo la viboko. Saa nzuri ya besi ni kuanzia mapambazuko hadi saa tatu, na jioni jua likilala. Ndiyo saa ambayo viboko wanarudi majini au wanatoka. Usisimame ufukoni kwenye mafunjo kwenye mwanga hafifu. Panda boti na nahodha wa pale pale, vaa jaketi la kuokolea, na akisema hapa hatuingii, hamuingii, hata kama mti ule ni mzuri namna gani. Mchana upepo wa Naivasha huamka na mawimbi yanapanda haraka. Boti ndogo iwe imegeuka kurudi kabla ya hapo. Leseni na vipindi vya kufunga uvuvi, ulizia BMU, yaani kamati inayosimamia uvuvi, ya mwalo unaoondokea kabla hujalipia boti.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru, chambo chako ni pakiti moja ya minyoo ya kahawia, sentimita 20, na chubwi tano za gramu 10. Pesa itakayobaki nunua mshipi mpya. Huo ulio kwenye rili yako, kama ni uleule wa miaka mitatu, utoe leo.