Kupanda mlima na mbwa: joto ndilo la kuogopa kwanza

Umeuliza kama lita moja ya maji inawatosha wewe na mbwa wa kilo 20 kwa njia ya kilomita 12 mlimani. Haitoshi. Mbwa wa uzito huo, hata akishinda amelala, hunywa karibu lita moja kwa siku. Mbebee yeye peke yake lita mbili, umpe kidogo kidogo kila baada ya dakika 20 hivi. Madimbwi mwepushe nayo, maana mkojo wa panya huacha humo vijidudu vya homa ya mgunda.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kutweta. Na kwa mapenzi aliyonayo kwako atakufuata hata akiwa amezidiwa, kwa hiyo kazi ya kusimama ni yako. Tazama ulimi: ukining'inia mrefu, ncha imepanuka kama kijiko na fizi zimeiva wekundu, tafuteni kivuli papo hapo. Mate yakianza kunata, akayumba au kutapika, joto limeshamdhuru. Mmwagie maji mwili mzima, usisahau tumbo, kwapa na kinena, huku unampepea. Taulo bichi usimfunike ukaliacha hapo, hugeuka blanketi. Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama ameinuka na kutikisa mkia, kwa kuwa figo na ini huweza kuharibika baadaye. Mbwa wa pua bapa hufika hali hiyo upesi zaidi, na mimi nasema njia ndefu ya jua kali si yao kabisa.

Kabla ya kuanza, weka mgongo wa mkono wako juu ya mwamba kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, na nyayo zake zitaungua.

Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni: akiteleza ukingoni, kola humnyonga. Mita mbili zinatosha.

Akichechemea, panua vidole vyake kimoja kimoja. Mwiba hupenda kujificha kwenye ngozi laini katikati. Usimpe ibuprofen wala paracetamol, ni sumu kwake.

Mkirudi, mpapase kupe masikioni, kwapani na chini ya mkia. Mbane kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumminya tumbo.