Mezani kwa Shangazi: Kurasa 11 na viti vinne vitupu

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Kilwa Masoko, nasoma Saint Paul, Minnesota. Hapa chuoni ndipo nilipofundishwa michezo ya uhusika, ile ya kukaa mezani, mmoja akisimulia, wengine wakisema wahusika wao wanafanya nini, na dadu ikiamua. Mwaka mzima tumepigana na majoka mapangoni, sasa zamu ya kusimulia imefika kwangu. Nimewaandalia wenzangu wanne kampeni, yaani hadithi ndefu ya kuchezwa siku nyingi, ya mtepe, chombo cha kale cha tanga, unaofanya biashara pwani yetu mwaka 1331, enzi ya Kilwa kuu. Niliwatumia kurasa 11: masultani, dhahabu ya Sofala, pepo za kaskazi na kusi, na ramani niliyoichora mwenyewe. Wote wakasema wazo zuri sana. Nikaomba tupange siku ya kuanza, hakuna aliyejibu. Nirudi kwenye majoka? – Nahodha bila Mabaharia

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usirudi.

Kurasa zako 11 ulizoambatanisha nimezisoma zote, na ile ramani nimeikodolea macho hadi nikaitafuta njia ya kwetu Tanga. Ni kazi ya mtu anayepapenda kwao. Lakini nilimaliza ukurasa wa mwisho bila kujua mimi, mchezaji, nitakuwa nani humo chomboni na usiku wa kwanza nitashika nini mkononi. Umewaeleza nchi, hukuwaeleza kazi. Na mtu anayealikwa mezani, hata awe mpole kiasi gani, ndani ya moyo wake ana swali moja tu: mimi nitafanya nini?

Yalinikuta hayo hayo hapa Minneapolis. Nilikuwa na wazo nililolipenda mno: wachezaji wote ni wapangaji wa nyumba moja ya Kiswahili, Ngamiani, Tanga, vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo kimoja na bomba moja, na mwenye nyumba amefariki bila wosia. Hakuna upanga, hakuna uchawi. Niliwaita watu sebuleni kwangu, nikapika, nikaanza kuwaeleza mji. Nikawaeleza barabara za Ngamiani zinavyohesabiwa kwa namba, nikawaeleza mkonge, nikawaeleza reli. Dakika arobaini. Nilipotulia, mmoja wao akaniuliza kwa adabu, "Sasa sisi tunafanya nini?" Sikuwa na jibu. Walikula, wakashukuru, wakaenda zao, na niliumia kwa wiki kadhaa kwa sababu niliona kama wameikataa Tanga yenyewe.

Hawakuikataa. Miezi ikapita, nikanunua funguo kuukuu kwenye duka la mitumba, kila ufunguo nikaufunga karatasi kwa uzi. Wa kwanza uliandikwa: "Jana asubuhi ulilipa kodi ya miezi sita. Jana mchana mzee alifariki. Risiti hukupewa." Mwingine: "Wewe ndiye uliyemwona mwisho, na hujamwambia mtu yeyote alichokutuma." Watu wale wale, sebule ile ile. Niligawa funguo nikanyamaza. Yule aliyekuwa ameniuliza swali alisoma karatasi yake, akainua uso, akamgeukia jirani yake: "Wewe unakaa chumba gani?" Tulikuwa tumeshaanza kucheza na hakuna aliyesema ndiyo bado. Tulicheza Jumamosi 14.

Nawe, mwanangu, unaishi katika miji ambako jambo hili lilizaliwa. Mwaka 1969, hapo hapo penu Minneapolis na Saint Paul, David Wesely aliwaita wenzake waliozoea kucheza vita vya mezani kwa askari wadogo wa kuchezea. Akawaletea kitu cha ajabu: mji wa Ujerumani wa kubuni uitwao Braunstein, enzi za Napoleon, majeshi hayajafika bado. Badala ya kumkabidhi kila mtu kikosi, akampa cheo na haja yake. Huyu meya, yule mwenye benki, yule mkuu wa chuo kikuu. Watu wakaanza kuvutana pembeni na kunong'onezana, wawili wakafika hadi kutaka kupigana ana kwa ana, jambo ambalo hakulipanga. Wesely alidhani jioni imeharibika. Wenzake wakamwomba arudie. Dave Arneson, mmoja wa kundi lile, aliuchukua mtindo huo akauingiza katika ngome yake ya kubuni ya Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva wakatoa Dungeons & Dragons. Ndio mchezo wa majoka na mapango. Kwa hiyo hayo majoka yenu yenyewe ni mjukuu wa wazo geni, na wazo hilo liliingia mezani likiwa na vyeo na haja, halikuingia na historia ya Ujerumani.

Basi chukua kurasa zako 11, zifunge, ziweke kabatini. Zitakufaa usiku wa tatu, mtu atakapouliza dhahabu inatoka wapi. Kwa sasa andika maneno yanayotosha pumzi moja. Mimi ningesema hivi: "Ninyi ni mabaharia wanne wa mtepe mmoja, mko Malindi, mnaelekea Mogadishu. Mzigo si wenu, na mwenye mzigo amefia njiani. Upepo wa kusi umebaki wiki tatu. Ukikatika hamjafika, mtakaa bandari ya watu hadi mwakani." Ona jinsi somo lako la pepo limeingia lote humo, na hakuna aliyefundishwa. Anayesikia anajua saa inakwenda, anajua kuna mali ya kugombewa, na anajua atakuwa upande gani wa ubao wa chombo.

Kisha mpe kila mmoja kazi na swali. Usimwache achague "mhusika yeyote wa pwani ya mwaka 1331", hapo utamkuta kimya, naye si mvivu. Mwambie: wewe ni rubani, kwa nini unakwepa kupita Lamu? Wewe ni mpishi, nani chomboni anakula kwa siri? Wewe usiku unafua maji yaliyoingia ngamani, chini kabisa ya chombo, ulikuta nini kwenye mzigo? Hilo la kufua maji ulitumie sana. Mtepe hauna misumari, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, na chombo cha kushonwa huvuja. Kila usiku wa safari kuna mtu lazima aamke akafue maji, na anayeamka usiku huona mambo. Hiyo ni kampeni nzima imekaa ngamani, na kwenye kurasa zako uliitaja kwa mstari mmoja.

Sasa nikuambie ninaloamini ndilo lililowanyamazisha wenzako, kwa sababu sidhani ni kukosa hamu. Wanaogopa kukosea. Wale ni wageni wa bahari ile, na wewe ni mtoto wa Kilwa. Umewatumia kurasa 11 zenye majina na tarehe, kila mmoja akaona ameitwa kwenye mtihani ambao mtahini amezaliwa kwenye jibu. Nani anataka kutamka vibaya jina la sultani mbele ya mwenye sultani? Waondolee mzigo huo waziwazi. Waambie mpishi ndiye bwana wa jiko, akisema leo ni samaki mkavu na mtama, basi ni hivyo, wala hutamsahihisha. Waandikie majina kumi na mawili ya kuchagua, wasikae wakibuni kwa woga. Na mchezaji wa kike akitaka kupanda, asisikie hotuba kuhusu nani alipanda na nani hakupanda. Abiria wana mizigo yao na siri zao.

Kuna jambo moja lazima ulitaje kabla ya kuanza, si katikati. Utumwa ulikuwepo katika bahari ile. Kama utaonekana katika hadithi yako, sema mapema, uliza mezani nani hataki, na mtu akisema hataki usimdai sababu. Wengi hapa hutumia kadi yenye alama ya X katikati ya meza. Anayeigusa, jambo lile linarukwa, hakuna maelezo. Mimi siendeshi mchezo bila kadi hiyo. Wenzako Wamarekani weusi wana historia yao na jambo hilo, na rafiki yako hapaswi kukutana nalo kwa kushtukizwa usiku wa Jumamosi akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Kuhusu kanuni: usiwabebeshe dunia mpya na kanuni mpya kwa siku moja. Ila kanuni zenu za majoka zimeshiba silaha na mapambano, na chombo chako kinaishi kwa biashara. Angalia mchezo wa Traveller wa Marc Miller, wa mwaka 1977. Wachezaji wake ni mabaharia wa chombo cha angani, wananunua hapa wanauza kule, na kama chombo ni cha mkopo wanalipa deni kila mwezi kwa miaka 40. Azima hesabu zake za biashara, zinakaa vizuri kabisa kwenye tende na pembe. Na kama wenzako wanaijua, waambie tu "ni Traveller, ila juu ya maji". Watakuelewa papo hapo.

Mwisho, usiwaombe mwaka. Waombe usiku wanne, tarehe ukiwa umezitaja wewe. Na ukipenda, wapelekee mawazo matatu wachague, lakini yote matatu yawe unayotaka kuyaendesha. Ukiongeza moja la kujazia tu, hilo hilo ndilo watakalolichagua, na utalibeba miezi sita.

Swali: Shangazi, hujambo? Rafiki yetu hapa Nairobi anataka tucheze hadithi ambayo sote ni sungura. Kweli sungura! Sisi ni watu wazima wenye kazi. Tumkatalie vipi bila kumvunja moyo? – Mama wa Wawili

Jibu: Sijambo, mama. Ningekuomba usimkatalie kabla hujacheza naye usiku mmoja. Wazo lake lina umri mkubwa kuliko anavyojua pengine: mwaka 1976 ulitoka mchezo uitwao Bunnies & Burrows, nao wachezaji wote ni sungura. Watu wazima waliuchukua kwa uzito na unachezwa hadi leo. Sababu yake ni hii: ukiwa mdogo kiasi kile, kila kitu kinakuwa kikubwa. Kuvuka barabara ni safari. Mbwa wa jirani ni jeshi. Huwezi kupiga, kwa hiyo lazima ufikiri. Na sisi tuliolelewa na bibi zetu tunamjua sungura tangu utotoni, tunajua anavyomshinda fisi na simba kwa akili tupu. Wamarekani walilazimika kununua kitabu ili wakijue tulichopewa jikoni bure.

Muulize swali moja tu: sungura hawa wanakosa nini? Akijibu "maji", au "njia ya kurudi", keti ucheze. Akijibu kwamba bado hajui, mwombe akafikiri, mkutane wiki ijayo.

Swali: Asalaam aleikum Shangazi. Nipo Mombasa. Nataka kuwachezesha ndugu zangu hadithi ya kutisha wakati wa likizo. Hawajawahi kucheza, dadu zile za pembe nyingi sina, na nikianza kueleza kanuni wanashika simu. Nianzeje? – Kaka Mkubwa

Jibu: Waaleikum salaam. Usieleze kitu. Tafuta Jenga, ile ya mnara wa vipande 54 vya mbao. Neno ni letu: Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, alikichukua kitenzi chetu na kukiingiza sokoni London mwaka 1983. Mwaka 2005 Wamarekani wakatunga mchezo wa hadithi za kutisha uitwao Dread, usio na dadu hata moja. Mhusika akijaribu jambo gumu, mchezaji wake anachomoa kipande na kukiweka juu. Kikitoka salama, amefanikiwa. Mnara ukianguka, mhusika wake ametoka katika hadithi. Anaweza kukataa kuchomoa, lakini basi jambo lenyewe limemshinda.

Kabla ya usiku huo mpe kila mmoja karatasi ya maswali, nayo isiwe ya jina na umri. Mwandikie hivi: "Kwa nini uliwaambia wenzako unaijua njia ya kutoka, na huijui?" "Ni nani katika kundi hili unayemdai?" Wakijibu, wahusika wamekwisha kuzaliwa, na simu zitawekwa chini zenyewe. Panga mnara kabla hawajaingia chumbani, zima taa kubwa, bakiza moja. Wakiuliza ni nini, mpe mdogo wao achomoe kipande cha kwanza: mhusika wake amesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, anataka kuangalia bila kuonekana.

Na meza uijaribu mapema. Ikiwa na mguu mfupi, tia karatasi chini, au chezeni sakafuni juu ya ubao.