Kalamu inayokumbuka ilikopita: maswali yenu kuhusu shajara za mtandaoni bila kompyuta

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, sentensi mbili sijui tatu, kwamba kuna watu wanaandika shajara zao kwa mkono, kwa kalamu dijitali kwenye karatasi yake maalumu, na bado zinatokea mtandaoni bila wao kukaa kwenye kompyuta. Basi mmenijazia sanduku! Nimechagua maswali yanayojirudia sana, mengine nimeyapunguza maana kuna mmoja aliandika kurasa nne (kwa mkono, nampongeza).

Shikamoo anko. Mimi nikikaa mbele ya skrini kichwa kinakuwa cheupe kabisa, lakini nikishika daftari maneno yanakuja yenyewe. Hiyo kalamu dijitali inafanyaje kazi? Inaona ninachoandika au inakisia? – Mpenda Daftari

Marahaba. Haikisii, na wala haioni unachoandika, hapo ndipo wengi tunapojichanganya. Ujanja mkubwa uko kwenye karatasi sio kwenye kalamu. Ukiitazama ile karatasi kwa mbali utaona kama ina ukijivu fulani hivi, kama imepigwa vumbi. Isogeze karibu na jicho, kumbe ni vinukta, vidogo mno, vimepangwa kama gridi na kutoka kimoja hadi kingine ni kama milimita 0.3 tu. Sasa kila kinukta kimesukumwa kidogo kutoka pale kilipotakiwa kukaa, ama juu ama chini ama kushoto ama kulia, na ukichukua mraba wa nukta 6 kwa 6 jinsi zilivyosukumwa haijirudii mahali pengine popote kwenye mpangilio mzima. Yaani kila kipande cha karatasi kina anwani yake. Mpangilio huu ulibuniwa na kampuni ya Anoto ya Sweden mwishoni mwa miaka ya 1990, na ukiutandaza wote unafunika mamilioni ya kilomita za mraba, kwa hiyo usihofu utaandika mpaka umalize.

Pale karibu na ncha ya kalamu kuna kamera ndogo ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Ukigandamiza ncha kwenye karatasi kihisi kinaiamsha, inaanza kupiga picha, zaidi ya 70 kwa sekunde, na inachopiga ni zile nukta, sio herufi zako. Kalamu inajua "nilikuwa hapa, kisha hapa, kisha hapa", basi. Nukta zimechapwa kwa wino wenye kaboni ambao unameza mwanga wa infraredi, na wino wa kalamu yenyewe hauna kaboni, kwahiyo kwa ile kamera maandishi yako hayapo kabisa. Ndio maana ukipachika mrija wa wino wowote tu uliookota mezani kalamu inaweza kuanza kupotea njia, na ndio maana pia usichore kwanza kwa penseli halafu upitishe kalamu juu, penseli nayo ina kaboni.

Lishike hilo maana majibu mengine yote yanatoka hapo: kinachobaki ndani ya kalamu ni mistari na saa ambayo kila mstari ulichorwa. Sio maneno.

Anko umesema "bila kompyuta" lakini mimi naona unatupiga changa la macho. Mwisho wa siku si lazima uchomeke kwenye kompyuta? Na simu nayo si kompyuta? – Mbishi wa Kudumu

Umenikamata, simu ni kompyuta. Ila tofauti ipo, simu inakaa mfukoni, haikutazami machoni wakati unaandika, na mwenzako hapo juu anayesema kichwa kinakuwa cheupe anajua ninachosema.

Hili swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Kalamu ya Logitech io ya mwaka 2002 ilikuwa ya kuchomeka kweli, unaandika siku nzima halafu unarudi kuipumzisha kwenye kitako chake chenye waya wa USB ndio kurasa zinashuka kwenye kompyuta. Lakini kipindi hichohicho Sony Ericsson na Nokia walikuwa na kalamu za blututhi, na kwenye karatasi zake kulikuwa na kisanduku cha kutuma. Ukimaliza kuandika unakitia tiki kile kisanduku kwa kalamu yenyewe, nukta za pale zinamaanisha "tuma", kalamu inaongea na simu iliyoko mfukoni na ukurasa unaondoka. Mimi mpaka leo naona ile ndio ilikuwa akili kubwa kuliko zote, unatia tiki kwenye karatasi na kitu kinatokea upande wa pili wa dunia, hakuna kitufe wala skrini wala nini. Baadaye mwaka 2012 Livescribe wakatoa kalamu yenye waifai ndani, inapeleka kurasa moja kwa moja kwenye Evernote (huduma ya kutunza maandishi yako mtandaoni), na za sasa nyingi zinatumia blututhi na apu ya simu.

Kutoka hapo hadi kuchapishwa ni hatua moja tu na hatua hiyo ni baruapepe. Mifumo kadhaa ya kuendeshea shajara za mtandaoni inakupa anwani ya siri ya baruapepe, chochote kitakachotumwa kwenye anwani ile kinakuwa chapisho, kichwa cha barua ndio kichwa cha habari na picha iliyoambatishwa inatokea ndani. Kwa hiyo apu ya kalamu unaiambia itume ukurasa kwenye anwani ile, umemaliza. Lakini nakuomba, ingia kwenye mipangilio uweke vinavyoingia kwa baruapepe vikae kama rasimu kwanza, visitoke hewani moja kwa moja. Na ile anwani usimpe mtu, mwenye nayo ni kama ana ufunguo wa nyumba.

Habari za kazi. Nimejaribu kuigeuza mwandiko iwe maandishi ya kuchapa, nimepata vituko. "Sana" imekuwa "sauna", "kama" imekuwa "karma". Kosa langu au la mashine? – Mwandiko wa Daktari

Nimecheka, samahani. Kosa ni la wote wawili ila mashine imezidi. Programu ya kutambua mwandiko haisomi herufi mojamoja peke yake, inatazama mchoro halafu inauliza kamusi yake "kuna neno gani linafanana na hili?" Ukiiacha kwenye lugha nyingine inakurekebisha kwa lugha hiyo, na inafanya kwa kujiamini kweli. Angalia kwanza kama Kiswahili kipo kwenye orodha ya lugha. Kama hakipo tafuta pa kuzima kamusi, apu nyingine zinaruhusu, ikibaki inasoma herufi tu bila kukisia neno utaona makosa yanakuwa ya kipumbavu kidogo lakini angalau unayatambua. Kosa la "sauna" ni baya kwa sababu ni neno halali, jicho linapita tu.

Kuna tatizo letu wenyewe pia. Vitenzi vyetu ni virefu, ukiandika "nitakapowaandikia" mkono unapumzika katikati bila wewe kujua, na mashine ikiona pengo inasema hapo neno limeisha, unapata maneno matatu yasiyo na maana. Dawa yake ni kuandika neno refu kwa pumzi moja na kuacha nafasi pana, pana kweli, kati ya neno na neno. Ng' nayo, ile alama ya juu inadondoka mara kwa mara na ng'ombe anabaki ngombe.

Ila ushauri wangu halisi, na najua wengine hamtaupenda: usigeuze. Chapisha ukurasa wenyewe kama picha, na mwandiko wako mbaya hivyohivyo. Kama sababu ya kushika kalamu ilikuwa kukimbia kompyuta, halafu unakaa saa nzima kwenye simu unasahihisha "karma", umekimbia nini sasa? Mtu anayesoma shajara anapenda kuona ulipokazia kalamu, ulipokata, ulipochora mshale pembeni. Kitu kimoja tu nakudai, chini ya picha andika mistari miwili mitatu ya kuchapa inayosema ukurasa unahusu nini, kwa sababu msomaji asiyeona anatumia programu inayosoma kwa sauti na programu hiyo ikikuta picha tupu mara nyingi haina cha kusoma, na hata mashine za kutafuta zinapata shida kukukuta.

Daftari langu limeisha, nikafungua jingine jipya la aina ileile, sasa kwenye apu maandishi mapya yanatokea juu ya ya zamani, ni fujo tupu. Nimeharibu kalamu? – Nimechanganyikiwa

Hujaharibu kitu. Madaftari ya nukta mara nyingi yana namba, la 1, la 2 na kuendelea, na madaftari mawili yenye namba moja yana nukta zilezile kabisa, kwa kalamu huo ni ukurasa uleule umerudi kuandika juu yake. Kabla ya kufungua jipya lenye namba ileile unatakiwa uhifadhi la zamani kwenye kumbukumbu za apu, ulifunge kabisa, ndio uanze. Ulichokwisha kuchanganya kinaweza kutenganishwa kama apu yako inachagua mistari kwa tarehe, kila mstari una saa yake. Hii ndio sababu hata kutoa fotokopi ya ukurasa wa nukta hakusaidii, nakala nzuri inakuletea balaa hilihilo na nakala mbaya haisomeki. Kuna kalamu zinazokuruhusu kuchapa karatasi zako mwenyewe, hapo tumia printa ya leza ya 600 dpi (nukta kwa inchi) au zaidi na faili la kampuni ya kalamu.

Anko naomba usitaje jina langu. Niliandika jambo la mtu kwenye shajara, nikajuta, nikalikata kwa mistari mingi mpaka halisomeki, ndio nikachapisha. Mwenyewe amelisoma. Imewezekanaje? – Jina Kapuni

Pole sana. Imewezekana kwa sababu ya ile ile saa ya kila mstari. Kwenye karatasi umelifunika lakini kwenye faili neno liliandikwa saa fulani na mikato ikaja baadaye, na kama ulichapisha lile faili linalojicheza, linaloonyesha mkono ukiandika mstari kwa mstari, mtu anaona neno lote likiandikwa safi kabisa kabla hujalikata. Kalamu haijui kufuta. Inajua kuongeza tu.

Ungetoa picha ya kawaida, JPG au PNG, isingetokea, pale mistari yote inakuwa imegandana. Faili la sasa liondoe kabisa weka picha, usilihariri. Na wengine mnaotumia kalamu zenye maikrofoni, zile zinazorekodi sauti na kuifunga kwenye mistari, kabla ya kuchapisha sikilizeni mpaka mwisho. Unaandika mambo yako kimya kimya, kumbe nyuma yako kuna watu wanaongea yao, wote wamo.

Mimi sina hiyo kalamu na sitakuwa nayo karibuni. Daftari la kawaida na kamera ya simu havitoshi? – Wa Kawaida

Vinatosha. Kwa shajara ya ukurasa mmoja kwa siku mimi mwenyewe nafanya hivyo, kalamu dijitali inakuja kuwa na faida pale unapoandika kurasa nyingi uko mbali, maana inazikumbuka zote kwa mpangilio na huhitaji kupiga picha hata moja. Tumia apu ya kuskani badala ya kamera yenyewe, inanyoosha kingo na kung'arisha karatasi. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande wa mkono usioshika simu vinginevyo kivuli cha simu kinalala katikati ya ukurasa. Zima kwanza ile ya kuweka mahali kwenye picha, maana picha ya simu inaweza kubeba ulipo ndani yake hata kama kwenye ukurasa hukuandika uko wapi. Na tarehe iandike juu kwa herufi kubwa, utanishukuru siku ukiwa na picha mia mbili zinazofanana.