Re: Dependence niiweke utegemezi au uraibu?

Habari mkuu. Umesema dependence kwenye maandishi ya zamani ya Kiingereza haikai kabisa ukiiweka "uraibu". Mi natafsiri hati za hospitali na neno hili limenitesa sana, so kabla hujafungua kamusi angalia kwanza maandishi ni ya mwaka gani, maana yake imekuwa ikibadilika.

Mzizi wake ni Kilatini, kuning'inia, kama kidani kwenye cheni. Karne ya 17 kule Uingereza kuwa tegemezi haikuwa tusi, mtumishi, mke, hata kibarua wa mshahara wote walikuwa chini ya mtu na ndo yalikuwa maisha ya wengi, aibu ilikuja baadaye viwanda viliposhamiri na mwenye mshahara akaanza kujiona huru. Maana ya madawa ni ya juzi tu, 1964 wataalamu wa WHO (Shirika la Afya Duniani) walipendekeza dependence ichukue nafasi ya addiction, yaani uraibu, halafu 2013 DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, ukaacha kuitumia dependence kama jina la ugonjwa, maana mgonjwa wa saratani anayepewa mofini mwili wake unaizoea bila yeye kuwa teja, na kumwita hivyo ni kumwonea jamani. Hapo mi huandika "mwili kuizoea dawa".

Weka sentensi yako nzima hapa tuione.